Uchovu wa Maradhi si Uvivu

Katika Kiswahili cha mwambao, mtu akiulizwa habari za jirani aliye mgonjwa, aghalabu hujibu kwa neno moja: "Hawezi." Hasemi hawezi nini, wala muulizaji hahitaji kuelezwa zaidi. Mzee wa Mombasa akisema "siwezi" amekwisha kusema kwamba anaumwa. Lugha yetu imeutazama ugonjwa kuwa ni upungufu wa uwezo, na ndani ya neno hilo haikutia lawama yoyote. Nimeanza na neno hili kwa kuwa ningependa kuzungumza na walimu na wanafunzi juu ya watu ambao hawawezi kwa muda mrefu, nao shuleni na vyuoni huambiwa kwamba hawataki.

Uchovu ninaoukusudia hapa ni tofauti na ule wa mtu aliyelima mchana kutwa, akalala, akaamka mzima. Huu usingizi hauuondoi. Aidha, huzidi siku moja au mbili baada ya mgonjwa kujitahidi, hata jitihada yenyewe ikiwa ndogo kama kupanda ngazi au kusoma kurasa kumi. Upo ugonjwa ambao hiyo ndiyo alama yake kuu. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa hospitali ya Royal Free mjini London waliugua kwa mkupuo, na maradhi yao baadaye yakapewa jina gumu lenye neno ensefalomielitisi ndani yake. Mwaka 1988 Wamarekani waliyaita maradhi ya namna hiyo ugonjwa wa uchovu sugu. Mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuyathibitisha. Daktari huyatambua kwa dalili zake, baada ya kuhakikisha kwamba si kitu kingine. Na janga la korona, lililoanza kuenea ulimwenguni mwaka 2020, limewaacha watu wengi katika kila bara na uchovu wa jinsi hii. Waliokuwa wakiubeza sasa wanao nyumbani kwao.

Sisi wa mwambao hatuna haja ya kwenda London kuutafuta mfano. Kati ya Desemba 2017 na mapema Februari 2018, kaunti ya Mombasa iliripoti wagonjwa 453 wa chikungunya, 32 kati yao wakiwa wamethibitishwa katika maabara. Hao ni waliohesabiwa tu. Kabla ya hapo, mwaka 2004, homa iyo hiyo iliingia Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba yapata robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Virusi vyake huenezwa na mbu aumaye mchana, ambaye hutaga mayai katika maji yaliyotuama karibu na watu. Hapa Junda, kama kwingi Kisauni, maji ya mfereji hayaaminiki, na kila nyumba huweka akiba katika mapipa na mitungi. Pipa lisilofunikwa ni malezi ya mbu.

Jina la homa hiyo lina funzo kwa mwanafunzi wa lugha. Maandishi mengi ya kigeni yamedai kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Sivyo. Ni neno la Kimakonde, nalo lilichukuliwa kusini mwa Tanganyika, homa ilipozuka huko mwaka 1952. Maana yake ni kile kinachokunja, kwa vile mgonjwa hupindika kwa maumivu ya viungo. Waliolitoa jina hili wangaliweza kulitaja joto la mwili, ambalo hupita kwa siku chache. Wao walitaja mkunjo. Nionavyo mimi, walikuwa wameona sawasawa: homa huondoka, na kuna kitu inachokiacha nyuma.

Mimi ni mmoja wa walioachiwa kitu hicho. Homa ilinishika Januari 2018, ikaondoka baada ya wiki moja. Maumivu ya vifundo yalipungua mwaka uliofuata. Uchovu haukuondoka. Vipimo vya upungufu wa damu, kisukari na tezi vilifanywa, na havikuonyesha dosari. Zipo siku ambapo nikifundisha saa mbili mfululizo, kesho yake siwezi kushika kalamu. Kuvuka Daraja la Nyali katika msongamano wa asubuhi hunigharimu nguvu ambazo zamani zilinitosha kusahihisha insha arobaini. Mkubwa mmoja kazini aliwahi kunitazama juu hadi chini akasema, "Lakini mbona unaonekana mzima?" Mimi nina shahada, nina sauti na nina safu hii. Namfikiria mwanafunzi wa miaka kumi na sita ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, naye anaambiwa maneno yayo hayo mbele ya darasa zima.

Mwanafunzi huyo ana jina lake shuleni. Huitwa mvivu. Natuchunguze basi kazi ya maneno haya kwa jicho la sarufi. "Amechoka" ni kitenzi. Kiambishi -me- kinatuambia kwamba jambo limetukia na hali yake ingalipo. Jambo lililotukia lina mwanzo, huenda likawa na mwisho, na lina sababu ambayo mtu anaweza kuiuliza: amechoka kwa nini? Tangu lini? "Mvivu" ni jina la mtu, limekaa katika ngeli ya A-WA pamoja na mwizi na mchawi. Halina wakati wala halina sababu. Sijapata kumsikia mtu akiuliza, "Amekuwa mvivu tangu lini?" Mwalimu anayeandika katika ripoti ya muhula, "Ana akili lakini ni mvivu," amemhamisha mtoto kutoka kwenye kitenzi na kumtia katika nomino, na kutoka humo ni kazi. Hata neno "mchovu", ambalo lingaliweza kumsitiri, siku hizi vinywani mwa vijana limekuwa tusi.

Methali nazo zimetumiwa vibaya. "Ajizi ni nyumba ya njaa" ni maneno ya hekima anapoambiwa mtu mwenye nguvu aliyejilaza. Anapoambiwa mgonjwa, hekima imekuwa fimbo. Watu wale wale waliotupa methali hiyo walitupa na nyingine: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua mwalimu atanijibu. Atasema kwamba ana darasa la wanafunzi sitini, kwamba wavivu wapo, na kwamba akianza kusikiliza kila anayedai amechoka, hapatakuwa na masomo. Hoja hii ina uzito, na siwezi kuipuuza, maana nami nimefundisha miaka mingi na nimedanganywa mara nyingi. Hata hivyo, ipo tofauti ambayo jicho la mwalimu linaweza kuiona bila ya kipimo cha daktari. Mtoro hukwepa asichokipenda. Atasinzia katika hisabati saa nne na kukimbia uwanjani saa kumi. Mgonjwa hukosa hata anachokipenda: huachwa nje ya timu, hukosa arusi ya dada yake, huacha kwenda Maulidi na rafiki zake. Mtoto akianza kuyakosa yale yaliyokuwa yakimfurahisha, au kila jitihada ikifuatwa na siku mbili za kuanguka, mwalimu asimwite mvivu. Na amwite mzazi, na mzazi ampeleke hospitali. Huenda ni upungufu wa damu, kichocho, kisukari, kifua kikuu au selimundu, na mengi ya hayo yana tiba au matunzo yanayojulikana. Jina la uchovu sugu lisitumiwe kabla ya hayo kuchunguzwa.

Kosa lililo kubwa zaidi kuliko lawama ni kudhani kwamba mtu wa namna hii hana budi kuyazika malengo yake. Historia ya fasihi yetu inakanusha. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake, yapata mwaka 1858, alikuwa hawezi. Mwenyewe asema kwamba maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Humwita bintiye akae karibu, naye awe na wino na karatasi. Hakungoja apone ndipo atunge. Na kwa kadiri tujuavyo, lau angalingoja, utenzi huo usingalikuwapo, kwa kuwa hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Tunaufundisha kama wasia wa mama kwa mwanawe. Natuufundishe pia kama kazi ya mgonjwa aliyetumia mkono wa mwingine kufikisha alichokusudia.

Katika zama zetu yupo Mmarekani Laura Hillenbrand, aliyeshikwa na ugonjwa wa uchovu sugu mwaka 1987 akiwa bado mwanafunzi wa chuo, akalazimika kuacha masomo. Kitabu chake cha kwanza, Seabiscuit, kilitoka mwaka 2001, na cha pili, Unbroken, mwaka 2010. Miaka tisa ilipita baina ya viwili hivyo, na vyote viwili vilisomwa na mamilioni ya watu. Mwendo wake ulikuwa wa pole, lakini alifika.

Mwendo huo una kanuni. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wazidishe mazoezi hatua kwa hatua mpaka uchovu ushindwe, na wengi waliotii walizidi kudhoofika. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliuacha ushauri huo kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu, ikasema mgonjwa ajifunze kujua kiasi cha nguvu alichonacho na asikivuke. Kwa lugha ya nyumbani, nguvu ni kibaba cha unga. Ukikimaliza mchana, usiku utalala na njaa, na kesho hutakuwa na cha kupikia. Anayejua kibaba chake hupika kidogo kila siku, na mwisho wa mwezi amekula siku thelathini.

Nami nina lengo langu. Nakusanya msamiati wa wavuvi wa hori ya Tudor: majina ya mitego na nyavu, ya pepo, ya maji kupwa na kujaa, maneno ambayo vijana wa Junda hawayajui tena. Zamani nilidhani ni kazi ya miaka mitatu. Sasa naandika maneno matano kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, na siku nisizoweza nayaacha bila ya kujiapiza. Wazee niliokuwa nikiwafuata ufuoni huja wao barazani kwangu, tukazungumza hali nimeegemea mto. Kamusi itachelewa. Lakini kila mwezi inaongezeka, na wazee ninaowauliza hawatangoja mpaka nipone.

Sasa niseme ninachokitaka. Shule na vyuo vyetu vinajua hali mbili tu: mwanafunzi ama ni mgonjwa, alete cheti na kulala kitandani, ama ni mzima, afanye yote wafanyayo wenzake. Kiswahili kinajua zaidi ya hapo. Baina ya kuugua na kupona kuna nafuu, kuna ashekali, kuna "hajambo kidogo". Watu wengi wanaishi humo miaka na miaka. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu inataja pia ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu katika shughuli za kila siku za mtu. Kwa hiyo ninayoyaomba si sadaka. Chuo kimruhusu mwanafunzi wa namna hii kuchukua masomo machache kila muhula na kumaliza shahada kwa miaka sita badala ya minne, bila ya kumwadhibu kwa karo ya ziada wala kumnyang'anya nafasi. Mtihani wa saa tatu ugawanywe kwa mapumziko. Mwalimu mgonjwa apangiwe vipindi vyake asubuhi, saa ambazo nguvu zipo, na asilazimishwe kuchagua kati ya ratiba nzima na kuacha kazi. Nayo kaunti isingoje homa nyingine izuke ndipo ikumbuke mapipa ya Kisauni. Maji yakitoka mferejini kila siku, hapana atakayeyafuga nyumbani.

Kwako wewe mwanafunzi uliye katika hali hii, nina machache. Nenda hospitali kwanza. Mweleze mwalimu mmoja unayemwamini, na umweleze kwa kitenzi: nimechoka tangu mwezi fulani, baada ya jambo fulani, na nikijitahidi hivi huwa hivi. Chagua lengo moja, uliweke mwanzo wa siku, na ulikate vipande vidogo mpaka kipande kimoja kitoshe katika kibaba chako. Usijipime kwa mwenzako anayemaliza kitabu kwa usiku mmoja. Wahunzi wa zamani walijua kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walitafuta koleo jingine, hata likiwa dogo, na chuma kikaendelea kufuliwa.