Je, mila yaweza kutenganishwa na mizimu?



Ndugu Waislamu, likizo ya Desemba ina sura mbili katika wilaya za Tarime na Serengeti. Kwa watoto wengi ni wakati wa mapumziko. Kwa baadhi ya wasichana ni wakati wa kutoroka nyumbani usiku, wakitafuta hifadhi katika kituo cha Masanga, Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014. Wanaukimbia wembe wa ngariba, na mara nyingine wanaowasaka ni wazazi wao wenyewe.

Masanga wamebuni njia yao. Msichana hukaa kambini, hufundishwa afya, haki zake na wajibu wa mtu mzima, kisha hufanyiwa sherehe ya nyimbo na kupewa cheti bila ya kukeketwa. Yaani mila ibaki, wembe uondoke. Basi tujiulize: jambo lililojengwa juu ya itikadi ya ghaibu, laweza kusimama itikadi hiyo ikiondolewa?

Swali hili si la Mara peke yake. Wafuasi wa Budha, ambao wana hekalu hata Dar es Salaam, wanabishana juu yake hadi leo. Mwingereza Stephen Batchelor, aliyepata kuwa mtawa wao, alitoa kitabu mwaka 1997 akidai kwamba mtu anaweza kuishika njia ya Budha bila ya kuamini kuzaliwa upya baada ya kufa. Mtawa wa Kimarekani, Bhikkhu Bodhi, akampinga kwamba ukiling'oa hilo, mafundisho yenyewe hupoteza maana. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. La kwetu lina damu ya watoto ndani yake.

Miongoni mwa Wakurya, msimu wa tohara hauamuliwi na mzazi wala mwenyekiti wa kijiji. Huamuliwa na wazee wa mila wa baraza la siri liitwalo inchama, baada ya kuzitazama ishara na kuridhika kwamba mwaka huo hauna mkosi. Binti asiyekeketwa huitwa msagane, na huaminiwa kwamba ataleta nuksi katika mji atakaoolewa. Akifa kwa kuvuja damu, lawama haimfikii ngariba. Husemwa kwamba binti mwenyewe alikuwa na laana. Wapo waliosimulia kwamba maiti za mabinti wa namna hiyo zilitupwa porini, na waliobaki wakakatazwa hata kulia.

Sheria ya mwaka 1998 inamwadhibu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Haikuwa bure. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa mkoani Mara walikuwa takriban asilimia 40 mwaka 2010, asilimia 32 mwaka 2015/16, na asilimia 28 mwaka 2022. Lakini desturi haijafa, na wapo wanaovuka mpaka wa Kenya ili kuikwepa sheria. Sababu yake haijifichi. Hofu ya jela inapigana na hofu ya mizimu, na askari yuko kituoni, ilhali mzimu, kwa anayeuamini, uko jikoni kwake.

Uislamu ulipofika Bara Arabu uliikuta hali kama hii, nao haukufuta kila kitu. Baadhi ya Masahaba walisita kwenda baina ya Safa na Marwa kwa sababu ya ibada za masanamu zilizokuwa zikifanywa huko. Ikashuka aya ya 158 ya Suratul Baqara kuwaondolea wasiwasi. Masanamu yaliondoka, saayi ikabaki. Kadhalika, zama za Jahiliya mtoto alichinjiwa kondoo na kichwa chake kikapakwa damu. Uislamu uliacha kuchinja, ukaondoa damu, na mahali pake pakawekwa zafarani.

Hapo ndipo tunapopata kipimo. Ondoa hofu ya ghaibu katika mila, kisha tazama kinachobaki. Tohara ya wavulana hubaki, kwa kuwa ni sunna na ina faida za kiafya. Daktari anatosha, ishara za inchama hazihitajiki. Kusaidiana kwa watu wa rika moja hubaki. Kumfundisha binti utu uzima hubaki. Lakini kumkeketa, ukiondoa hofu ya mkosi, hubaki jeraha tu na mahari ya ng'ombe. Wanaotafuta kinga katika Hadithi ya Ummu Atiyya wakumbuke kwamba Abu Daud aliyeipokea ameeleza mwenyewe udhaifu wake. Kweli mafaqihi wa kale walikhitilafiana katika jambo hili, lakini wanazuoni waliokutana Al-Azhar mjini Cairo mwaka 2006 walitamka kwamba ukeketaji ni madhara, na Uislamu hauruhusu kumdhuru mtu.

Watasema wengine: mkiivunja hofu ya mizimu, mmeivunja nguvu ya wazee; nani basi atazipatanisha koo zinapogombea ng'ombe na ardhi? Hoja hii ni nzito. Lakini tumtazame Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku hiyo hiyo. Watu walisema jua limemlilia mtoto. Angenyamaza tu, utukufu wake machoni pao ungezidi. Hakunyamaza, aliwaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote. Mzee wa mila atakayesimama hadharani na kusema kwamba msagane hana nuksi yoyote hatapungukiwa na heshima. Na neno lake litaingia mahali ambapo cheti cha kambini hakiingii, kwani aliyelifunga fundo ndiye awezaye kulifungua.

Nasi tusijitoe. Familia ngapi za Kiislamu, Sirari hadi Mugumu, zinaswali sala tano na bado zinamfunga mtoto hirizi, au zinamtoa binti kwa kuogopa maneno ya wakwe? Hofu hiyo ni ile ile, imebadili kanzu tu.

Basi maimamu waliseme jambo hili kabla ya Desemba, si baada yake. Akina mama wenye wavulana watangaze mapema kwamba watampokea mkwe asiyekeketwa kwa mikono miwili. Na baba ambaye binti yake amekimbilia Masanga au Mugumu amfuate kwa amani, amrudishe nyumbani na kumlinda. Kambi haiwezi kuwa kwao milele.