Askari wa Chuma na Mwenye Kujibu

Mchezo ni shule isiyo na kengele. Hufundisha bila kutangaza kwamba unafundisha, na mwanafunzi wake hujifunza bila kujua kwamba amejifunza. Kwa sababu hiyo mtungaji wa mchezo ana wajibu kama wa mwalimu, na uongo anaoutia katika kanuni zake haupungui ubaya kwa kuwa umesemwa kwa furaha. Insha hii inashitaki uongo mmoja wa namna hiyo: uongo wa askari wa chuma asiyechoka, asiyekosea, wala asiye na mtu wa kumjibia.

Mchezo ninaousema huchezwa na watu wachache walioizunguka meza. Mmoja ni mwamuzi. Yeye huisimulia dunia ya hadithi na kuamua linalotokea. Wengine kila mmoja huchukua nafsi ya mhusika, hutaja atakalotenda, na penye shaka hutupa dadu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974, ukaitwa Dungeons & Dragons, nao ulikuwa wa panga na mazimwi. Mwaka 1977 ulifuata Traveller wa Marc Miller, mchezo wa safari za nyota, na mwaka 1986 ulitolewa kitabu kizima cha kuundia roboti ndani yake. Tangu hapo watungaji wengi, wakubwa kwa wadogo, wamependa kubuni mitambo yenye silaha ya kufuatana na askari wa miguu: imbebee mzigo, imtangulie mahali pa hatari, na imfyatulie adui risasi.

Kubuni mtambo kama huo si kosa. Kosa ni namna unavyobuniwa. Mtungaji huupa bombom mbili, ngao isiyopenyeka na macho yanayoona moshini na gizani. Ukimwuliza hutumia petroli kiasi gani, hunyamaza. Ukimwuliza ni nani aliyeuamuru kupiga, hucheka. Lakini maswali hayo mawili ndiyo roho ya jambo lote. Yaliyobaki ni rangi ya nje.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtambo usio na kasoro humnyang'anya mchezaji kazi yake. Mhusika aliyepaswa kufikiri, kuogopa, kuthubutu na kuchagua hugeuka mpagazi wa kubebea mashine risasi. Dadu hutupwa, adui huanguka, na meza nzima hupiga miayo. Mchezo huishi kwa shaka. Palipo na hakika tupu, mchezo umekufa.

Yule Luteni von Reisswitz wa Prussia aliyalijua jambo hili mapema. Mwaka 1824 aliwatolea maofisa wa jeshi lake mchezo wa vita wa ramani, vipande na dadu. Mwamuzi alipokea amri za kila upande, akalificha jeshi lisiloonekana, na amri ilichukua muda kufika kama inavyochukua kwa mjumbe aliyepanda farasi. Hakuwadanganya maofisa kwamba jemadari huona yote na hutiiwa papo hapo. Mchezo wake ulithaminiwa kwa sababu ulikuwa na ukungu ndani yake.

Na historia ya mitambo yenyewe inasema nini? Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliunda kigari kidogo cha minyororo kilichoitwa Goliath, chenye kilo 60 au zaidi za baruti, kikiongozwa kwa waya kutoka mbali. Viliundwa zaidi ya 7,000. Katika maasi ya Warsaw mwaka 1944, wapiganaji wa Poland walijipenyeza wakaukata waya, na jitu lile lenye jina la kutisha likasimama kama jiwe. Mwaka 2015 askari wa majini wa Marekani waliliacha roboti la miguu minne lililoweza kubeba kilo 180 za mizigo. Lilikuwa na nguvu, tena lilipita penye mawe. Lakini injini yake ilinguruma mno, na askari anayenyemelea hawezi kufuatana na mpiga ngoma. Mwaka 2018 Warusi walilijaribu Syria gari la vita lisilo na mtu ndani, Uran-9, lenye tani kama 12 na mzinga wa milimita 30. Lilitarajiwa kuongozwa kutoka kilomita kadhaa. Penye majengo likaweza mita 300 hadi 500 tu, mawasiliano yakakatika mara kwa mara, wala halikuweza kupiga sawasawa huku likienda.

Tazama utajiri uliomo katika kasoro hizo. Waya unaokatwa kwa mkasi, injini inayowaamsha maadui, redio inayozibwa na ukuta: kila moja ni kisa kinachongoja kusimuliwa. Mtungaji anayezitupa kasoro ametupa nyama akabaki na mfupa.

Lakini kasoro si nusu ya shauri langu. Neno zito ni la mwenye kujibu. Mwezi wa Machi mwaka 2003, katika vita vya Iraq, mtambo wa Marekani wa kutungulia makombora, uitwao Patriot, uliitambua ndege ya Uingereza kuwa ni kombora la adui. Watu waliokuwa hapo waliliamini neno la mashine. Ndege ikatunguliwa, na watu wawili waliokuwamo wakafa mikononi mwa marafiki zao. Mashine haikulia, haikujuta, wala haikuitwa barazani. Haiwezekani kuitwa. Chuma hakina dhamiri ya kusutwa wala uso wa kutahayari. Kwa hiyo damu iliyomwagwa na chuma haina budi kumrudia mtu, la sivyo haimrudii ye yote. Na damu isiyomrudia ye yote humwagwa tena kesho kwa wepesi zaidi.

Waliotangulia katika hadithi za namna hii waliliona jambo hilo. Karel Čapek, aliyelipa neno roboti nafasi yake duniani kwa tamthilia yake ya mwaka 1920, alitumia neno lililotokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Nayo ni kazi anayoifanya mmoja kwa amri ya mwingine. Isaac Asimov, mwaka 1942, aliziandikia roboti zake sheria tatu, na ya kwanza ilizikataza kumdhuru mwanadamu. Anayelifunga roboti bombom ameivunja sheria hiyo kabla ya dadu kutupwa. Na avunje, maana hadithi ni yake. Lakini atuambie ameweka nini mahali pake.

Shauri langu ni jepesi. Karatasi ya vipimo ya kila mtambo wenye silaha iwe na mistari minne. Wa kwanza useme uzito wake na chakula chake, maana tani 12 hazipiti juu ya daraja la magogo. Wa pili useme unaona nini, na hukosea nini kwa nini. Wa tatu useme amri huufikiaje, na hufanya nini zisipoufikia. Wa nne uwe na jina la mhusika aliyeupa ruhusa ya kupiga, na mstari huo usiachwe mtupu kamwe.

Chukua mfano. Kikosi kinaingia katika makazi ya wachimba madini, katika sayari ya mbali, jua likichwa. Mtu anatoka na keekee begani. Macho ya mtambo yanaisoma keekee kuwa ni bunduki. Dadu inatupwa, inaanguka vibaya, na mchimbaji anaanguka nayo. Bila ya mstari wa nne mwamuzi atasema, "Mtambo umekosea," na hadithi itapita juu ya maiti. Ukiwapo atasema, "Sajini, wewe ndiwe uliyeuachilia. Mkewe amesimama mlangoni. Utamwambia nini?" Hapo meza itanyamaza. Mchezaji atafikiri kuliko alivyofikiri usiku mzima, na mara nyingine atasita kabla ya kuuachilia mkono wa chuma.

Wako watakaosema kwamba mchezo ni mchezo, na aliyechoka kwa masomo na kazi hataki kuhubiriwa. Nawajibu kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. H. G. Wells alipotoa mwaka 1913 kitabu chake cha kuchezea askari wa risasi na mizinga ya watoto, alisema wazi kwamba mchezo huo humwonyesha mtu upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilianza. Wells alifurahi kwa mchezo wake bila ya kudanganywa nao, na furaha haikupungua.

Wako pia watakaosema kwamba dunia ya hadithi iko karne nyingi mbele, na kasoro za leo zitakuwa zimekwisha. Hawakuyatazama yaliyopita. Waya wa Goliath ulikatwa kwa chuma. Redio iliyoushika urithi wake ikazuiwa na kuta. Udhaifu huhama nyumba, haufi. Mashine inapoongezewa akili, naye adui hujiongezea yake, na mwanadamu aliye kati yao hubaki na mwili ule ule unaopenywa na risasi.

Vijana wanaosoma ukurasa huu watabuni michezo, na baadhi yao huenda wakabuni mitambo ya kweli. Mkono unaozoea kuuacha mstari wa nne mtupu juu ya karatasi ya mchezo utauacha mtupu juu ya karatasi ya kiwanda. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mbuni askari wako wa chuma, umpe nguvu upendavyo. Lakini kabla hujampa silaha, andika jina la mtu atakayejibu.