MSITU UNA WENYEWE



Wako wenzetu waliotuuliza pale karakana: "Chama chatoza ada kwa ajili ya mishahara na nyumba. Misitu ya Brazili yatuhusu nini?" Swali ni la haki, nasi twalijibu, ila jibu lake lina damu ya wanachama.

Katika jimbo la Acre, Brazili, mpira hugemwa katika miti ya mwituni. Mgema huamka kabla ya jua, hufuata njia yake, huchanja gome na kukinga utomvu, na mti hubaki hai. Mti ukikatwa, kazi imekwisha. Katika miaka ya 1970 wakaja matajiri wa ng'ombe, wakakata na kuchoma msitu wapate malisho. Wagema hawakuwa na hati za ardhi. Basi wakaunda chama. Waume kwa wake, pamoja na watoto, wakasimama mbele ya misumeno ya injini mpaka wakataji wakaondoka. Wilson Pinheiro, rais wa chama cha Brasiléia, alipigwa risasi penye ofisi ya chama mwaka 1980. Chico Mendes wa chama cha Xapuri, aliyeanza kugema angali mtoto, aliuawa nyumbani kwake tarehe 22 Desemba 1988.

Zamani wenye biashara ya mpira waliwachonganisha wagema na wenyeji wa asili wa msitu, wakauana. (Mbinu hiyo twaijua sana sisi!) Wakati wa Mendes wakapatana, wakadai pamoja. Katiba ya 1988 ikakubali kwamba wenyeji wana haki juu ya ardhi waliyokaa tangu zamani. Mwaka 1990 wagema wakapata hifadhi yenye jina la Mendes, zaidi ya hekta 900,000: ardhi ni ya Serikali, kuitumia ni haki yao. Hata humo ng'ombe wameingia siku hizi, maana hati bila chama chenye nguvu ni karatasi. Lakini tazama picha zinazopigwa kutoka angani: penye ardhi ya wenyeji msitu umesimama, na nje ya mpaka mara nyingi ni majani matupu.

Wapinzani hawakulala. Walisema asiyekuwapo juu ya ardhi yake siku ile katiba ilipotiwa sahihi, amepoteza. Je, aliyefukuzwa kwa bunduki kabla ya siku hiyo? Mahakama Kuu ya huko ilikataa hoja hiyo Septemba 2023. Bunge likaitungia sheria Desemba ile ile. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake, na mfalme akapata njia nyingine.

Sasa turudi kwetu. Reli ilipopanda Mau kwenda Kisumu, ilipita katika nchi ya misitu, na injini za kwanza zilikula kuni. Basi sisi wa reli hatuwezi kunawa mikono. Waogiek, wawindaji na warina asali wa Mau, wamefukuzwa mara nyingi, na siku hizi huambiwa ni kwa ajili ya kulinda msitu. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua Mei 2017 kwamba haki zao zimevunjwa, na kwamba kulinda msitu si sababu ya kuwatoa. Juni 2022 ikaamuru Serikali iwape hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zikavunjwa tena.

Twajua wako walioingia Mau kwa hati za ujanja, wakalima na kuuza mbao. Hao si Waogiek, na kuwachanganya ni dhuluma. Mrina asali haangushi mti wenye mzinga wake.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaleta azimio la kuitaka Serikali itimize amri ya Arusha. Asiyekubali na aje aseme mbele ya wote.