Kufungua Soko Si Kuondoa Kufuli Tu



Kipindupindu kikiingia wilayani, jambo la kwanza tunalosikia ni amri ya kufunga. Magenge ya chakula yanafungwa. Vilabu vya pombe vinafungwa. Matunda yaliyokatwa hayauzwi tena. Amri hiyo ina maana, kwa sababu ugonjwa huu huua upesi. Mgonjwa asipotibiwa anaweza kufa kwa saa chache tu.

Lakini leo tuzungumze juu ya kufungua. Naona huko ndiko tunakokosea.

Fikiri juu ya Mikumi. Mji huo uko kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Mabasi na malori husimama, na abiria hula. Fikiri pia juu ya Kilosa. Reli ya Kati inapita pale tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 2024 treni ya umeme nayo ilianza kupita. Watu wanakuja, watu wanaondoka, na ugonjwa husafiri nao. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam. Kikaenea mikoa mingi, Morogoro ukiwamo.

Mama lishe aliyefungiwa genge hana mshahara. Asipouza, watoto wake watakula nini? Basi atapika kwa kificho, uani. Nani atakagua maji ya uani? Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tufunge tu bila kikomo.

Wala sikubaliani na wanaosema, "Siku zimekwisha, tufungue." Siku peke yake hazisafishi maji. Mtu mwenye vijidudu vya kipindupindu anaweza asiumwe, lakini akavitoa chooni hata kwa siku 10. Kama choo cha soko ni kibovu na maji ya kunywa ni ya mtoni, ugonjwa utarudi.

Mimi naona tufungue kwa masharti haya:

1. Soko liwe na choo kizima, na maji na sabuni ya kunawia.
2. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa. Yawekwe katika chombo chenye mfuniko.
3. Chakula kiive vizuri, na kiliwe kingali moto.
4. Mtu anayeharisha asiandae chakula. Aende zahanati mara moja.

Genge lililotimiza masharti lifunguliwe siku hiyo hiyo. Lisilotimiza lingoje. Hapo kila mpishi ataona faida ya usafi.

Lakini tuwe wa haki. Choo cha soko si mali ya mama lishe. Yeye hulipa ushuru. Basi sehemu ya ushuru ijenge choo na kuleta maji. Ulizeni jambo hilo katika mkutano wa kijiji. Ni haki yenu.

Mwaka 2020 tulijifunza jambo. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Tulifungua kwa hatua. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni. Je, ndoo ya mlango wenu ingali na maji leo? Nenda ukatazame.

Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma pamoja. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo. Sisi nasi tusingoje mgonjwa wa kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, choo cha soko lenu kinatumika? Nani anakitunza?
2. Ushuru wa soko lenu unafanya kazi gani?
3. Je, unakubaliana na mwandishi? Kwa nini?