Motere ya Subaru inaweza kufunguliwa ku parsele, lakini si kwa haraka

Katika miji ya mashariki ya Congo, kuanzia Bunia mpaka Kalemie, Subaru Impreza ya turbo haikose watu wenye kuipenda. Nyingi zilitoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zikapitia bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam, usukani ukiwa upande wa kuume. Sifa yake ilifika mbele yake: Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya ndani ya Impreza katika mwaka wa 1997, na Richard Burns akafanya vile vile mwaka wa 2000. Kijana mwenye alikusanya feza miaka mingi ili aipate hakununua gari tu. Alinunua ile sauti.

Kisha siku moja sauti inabadilika. Chini ya motere kunasikika ko, ko, ko, na mugongano ule unaongezeka kila mara mguu unapogusa akseleratere. Fundi anasikiliza dakika mbili, anatikisa kichwa, anataja bei. Mara nyingi bei yenyewe inakaribia ile ya motere nzima ya okazio. Mwenye gari anasema ataifungua yeye mwenyewe, na fundi anamujibu: “Mudogo, motere ya namna hii haifunguliwe ku nyumba.”

Fundi ana haki nusu. Garaje nyingi za hapa nazo ni parsele tu: mabati mane, muti wa mwembe, na gari zikipangwa inje ku mvua na ku jua. Mahali si ndiyo kunaleta tofauti. Mwenye gari ana kitu kimoja chenye fundi hana, nacho ni wakati. Fundi mwenye gari tano zenye kungojea, na wenye gari watano wenye kupiga simu, atafunga motere siku ya Posho hata kama kungali buloni moja yenye hakuiamini. Kijana mwenye gari lake si gari la kutafutia chakula anaweza kungoja mwezi. Na mwenye Impreza yake ndiyo teksi yenye kulisha watoto, huyo asijaribu hata kidogo; apeleke gari kwa fundi na alipe.

Lakini ile nusu ingine ya haki ya fundi ni nzito. Motere hii, yenye Subaru iliitoa mara ya kwanza mwaka wa 1989 na ambayo mafundi wanaijua kwa jina EJ20, haifanane na ya Corolla. Pistoni zake nne zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule. Mwili wake ni vipande viwili vyenye kushikana katikati, na vilbreke imefungiwa ndani yao kama mbegu ndani ya ganda. Ili kuvitenganisha, inafaa kwanza kuchomoa misumari yenye kushika pistoni ku biele, na ile misumari inatokea ku matundu madogo yenye kufunikwa ku mwili wa motere. Mwenye hajue ile siri anatafuta nyundo. Kuko miili mingi ya motere yenye ilikufa kwa nyundo, si kwa mugongano wa kwanza.

Ule mugongano wenyewe, mara nyingi, ni wa kusine ya biele. Kusine ni kipande chembamba cha chuma laini chenye kukaa kati ya biele na vilbreke. Kati yao kunapita mafuta, na nafasi ya yale mafuta ni sehemu chache za mia za milimita, chini ya unene wa unywele. Mafuta yakikosa muda kidogo tu, juu mwenye gari aliacha yapunguke ao alipita kona kwa nguvu sana, kusine inakwanguka. Hapa ndipo watu wa ku nyumba wanakosea, na kusema kweli mafundi wengi wanakosea pamoja nao: wananunua kusine mupya, wanaiweka, wanafunga. Hawapime kitu. Wanashika biele kwa mukono, wanaitikisa, wanasema iko sawa. Mukono wa mutu hauwezi kusikia sehemu ya mia ya milimita.

Dawa yake si mashine ya bei kali. Kuko uzi mwembamba wa plastiki wenye mafundi wanaita plastigeje. Unakatwa kipande kidogo, unalazwa juu ya vilbreke, kofia ya biele inafungwa kwa nguvu yenye kuandikwa ku kitabu, kisha inafunguliwa. Uzi umebonyezwa, upana wake unalinganishwa na alama ku karatasi yake, na pale pale nafasi inajulikana. Jambo la kustaajabisha ni kuona mutu mwenye alilipa maelfu ya dola juu ya gari akikataa kutafuta uzi wa dola chache.

Kama vilbreke imekwanguka, kazi ya nyumbani inasimama pale. Inafaa kuipeleka kwa turnere mwenye mashine ya kuinyoosha na kuipunguza, kisha kununua kusine zenye unene wa kulingana na ile kazi. Mwenye kusugua vilbreke na karatasi ya musasa mpaka ing'ae anajidanganya, hata kama ni mutu wa akili katika mambo mengine.

Kuko tena kosa lenye kuua motere mara ya pili, na hili ndilo linauma zaidi, kwa sababu linakuja kisha feza zote kutoka. Kusine ikisagika, unga wake wa chuma unatembea na mafuta kila mahali: ndani ya pompi, ndani ya turbo, ndani ya kile chombo kidogo chenye kupoza mafuta karibu na filtre. Mutu anafanya kazi ya majuma matatu, vyote vipya, na anarudisha kile chombo bila kukibadilisha. Kilometa mia tatu mbele, ko, ko, ko. Kuisafisha turbo pia haitoshe kuimwangia esanse. Inafaa ipelekwe kwa mwenye kuijua, ao ibadilishwe. Na kile kijiti chenye kuvuta mafuta chini ya karter kiangaliwe vizuri ku mashono yake, juu ku motere hizi kinajulikana kwa kupasuka.

Mambo ingine ni ya hatari kwa mutu mwenyewe, si kwa chuma. Gari lenye kubebwa na kriki peke yake halina haki ya kuwa na mutu chini yake. Motere haitolewe na vijana wane wenye kubeba kwa kamba, inatolewa na palani yenye kufungwa ku kitu kisichoweza kuanguka. Na ile sufuria ya esanse ya kuoshea buloni (mama wa nyumba amekwisha kuilia) isikae hata mara moja karibu na mbabula.

Goma ina adui yake ya pekee. Vumbi la mawe ya volkeno, ile nyeusi yenye iliachwa na moto wa Nyiragongo mwaka wa 2002 na 2021, inafanya kazi sawa musasa. Motere yenye kufunguliwa inje siku ya upepo inapokea chakula chake cha kifo bila mutu kuona. Chumba chenye mulango, hata kidogo, ni bora kuliko hangari kubwa lenye wazi. Shuka safi juu ya kila kipande, mifuko midogo ya plastiki kwa kila kundi la buloni, na jina likiandikwa juu: wengi wanacheka ile namna ya kufanya, mpaka siku wanabakia na buloni tatu mukononi na motere imekwisha kufungwa.

Kuhusu kukaza buloni, hapa hakuna mabishano. Kila kilase ya motere hii ina buloni 6, na zinakazwa kwa mupango: kidogo, kisha zaidi, kisha zinalegezwa, kisha zinakazwa tena kwa kipimo na kwa digri. Bila ile funguo yenye kupima nguvu, yenye mafundi wanaita kle dinamometrike, kazi yote ni kamari. Na ni hapa wakubwa wa inchi wanapaswa kusikia. INPP iliundwa mwaka wa 1964 ili kufundisha watu kazi za mikono, na ufundi wa magari ni moja ya kazi zile. Kama katika kila muji wenye shule yake kungekuwa meza moja ya vipimo, kle dinamometrike na mikrometre, zenye kukodeshwa kwa siku kwa fundi ao kwa mwenye gari mwenye kuacha kitambulisho na garanti, motere nyingi zingepona. Mekanisie hawakose akili. Wanakosa chombo cha kupimia, na hakuna mwenye kuwaomba wakitumie.

Kuna wenye watasema ni afazali kununua motere ya okazio. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ile motere ilifungwa ku bandari, hakuna mwenye alisikia mugurumo wake, na mwenye kuiuza hajue kilometa zake. Na ikiwekwa ndani ya gari lile lile, ikakunywa esanse ile ile ya chupa ya kadhafi kandokando ya barabara, itafika mahali pale pale. Turbo za Japani zilitengenezwa juu ya esanse ya oktane ya juu. Ile ya hafifu inazipiga pistoni na kusine ndani kwa ndani.

Basi gari limefungwa. Mukaba wa distribisio umewekwa, alama za magurudumu yote 4 ya juu zimeangaliwa mara mbili na mutu wa pili, sababu jino moja likikosea, supape zinaweza kupiga pistoni. Buji hazijarudishwa bado, na esanse imekatwa. Demarere inazungushwa sekunde chache, inapumuzishwa, inazungushwa tena, mpaka taa nyekundu ya mafuta inazimika. Ni kiisha tu ndipo buji zinarudi na motere inawashwa. Kisha safari fupi, bila kukimbia, mafuta yanamwagwa yangali ya moto, na filtre inapasuliwa kwa msumeno ili karatasi yake ikunjuliwe ku jua na iangaliwe kama kunang'aa kitu.