Litungu la Babu Lisizikwe Naye

Huko kwenu Tongaren, mzee anayepiga litungu amewahi kurekodiwa?

Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alifariki mwaka wa 1933. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis, wakamtungia wimbo wakitumia kinubi chao. Jina lake likageuka kuwa "Chemirocha". Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wakiuimba mwaka wa 1950, na hadi leo tunawasikia. Hawakuwa na studio. Walipata tu mtu wa kuwasikiliza.

Siku hizi simu ya mkononi yatosha. Mtembelee mzee, umwombe wimbo mmoja, uandike jina lake na maana ya maneno. Akishaondoka, nyuzi saba zitabaki ukutani. Nani atazisemesha?