Mpime chewa, mrudishe majini

Tangu jaa la Kibarani lifungwe 2018, taka za Mombasa zinapelekwa Mwakirunge. Swali letu sisi wa Kisauni ni moja: mvua ikinyesha, yale maji meusi ya jaa yanaishia wapi? Na samaki wa kriki wanakula nini huko?

Wengi wanadhani kujua hilo lazima samaki apasuliwe. Wapi! Mtafiti anakata kipande cha pezi, kadogo kama kucha, au anachota nyama kiasi kwa sindano nene, samaki anarudi zake majini. Pezi huota tena. Maabara wanapima naitrojeni nzito ndani yake: tafi mla mwani anayo kidogo, chewa anayemeza wenzake anayo nyingi. Nyama hiyo hiyo inapimwa zebaki. Tumbo nalo linaoshwa kwa maji, samaki anatapika alichokula, plastiki ikiwemo.

Utaniambia wa sokoni kashakufa, si apimwe huyo? Sawa, apimwe. Lakini mwakani hayupo, na nani anajua alivuliwa wapi? Chewa hukua polepole. Ukimtia alama ukamwachia, unaweza kumpima kabla na baada ya masika. Ini tu ndilo bado linataka kisu, tusidanganyane.

KMFRI wako hapo Mkomani. Waje wafunze vijana wa BMU kukata pezi na kuandika namba, kisha majibu yabandikwe pale samaki wanaposhushwa. Kwa Kiswahili, tafadhali.